Programu ya Kumkalisha Kamis

Kamis alikuwa kiguu na njia, na kazi yake ilimfaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Kampuni ya vipuri vya magari iliyomwajiri ilikuwa na ofisi kuu Mbuya na maduka Kawempe, Nsambya na kwingineko mjini, na kila duka lilikuwa na kompyuta yenye programu ya stoo na mauzo. Kompyuta hizo zilikuwa zikifa hovyo. Moja ikifa tu, Kamis huyo, juu ya bodaboda.

Watu walisema anaipenda kazi. Ukweli ni kwamba aliichukia nyumba. Tangu mkewe Nuriat afariki, ukimya wa chumba chochote ulimbana kifua na miguu ikamwasha. Barabarani ndiko alikopumua.

Kisha bosi wao, Ogwal, akaja na jambo lake. Programu ya mauzo sasa itakaa kwenye mashine moja kubwa pale Mbuya, na wauzaji wataifungua kwa mbali, kila mmoja kwenye skrini ya dukani kwake. Kilichobaki ni kuchagua programu ya kuwaunganisha, na kwa kuwa Kamis ndiye aliyewajua wauzaji, achague yeye. Halafu atatulia, awasimamie akiwa amekaa. Maskini Ogwal alidhani anampa zawadi.

Kamis akaondoka na programu tatu za kujaribu. Alizipeleka Kawempe kwa muuzaji aitwaye Lamunu, kwa sababu mtandao wa kule ulikuwa mbovu kuliko wote, na pia, tuseme kweli, kwa sababu alitaka zishindwe. Ya kwanza haikumwangusha: kishale cha kwenye skrini kilijikokota nyuma ya mkono wa Lamunu hata mteja akachoka kusubiri, akahamia duka la jirani. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini mtandao ulipokatika, ankara aliyokuwa akiiandika ikapotea yote. Kamis akampa Lamunu pole huku anacheka moyoni.

Ya tatu ndiyo iliyomletea balaa. Alichomoa waya wa mtandao katikati ya ankara. Alipourudisha, ankara ilikuwapo, na kishale kikimsubiri Lamunu palepale alipoishia. Akachomoa tena. Ikarudi. Akazima kompyuta yenyewe kwenye swichi ya ukutani, bila taarifa, jinsi umeme unavyofanya. Ikarudi. Akaanza kutafuta kasoro za kubuni: mara herufi ni ndogo, mara rangi inaumiza macho. Akainuka, akaketi, akainuka, akaushika waya kwa mara nyingine.

Lamunu akamzuia mkono. "Mzee Kamis, wewe nataka hii kitu ife?"

Angeweza kudanganya, lakini alikuwa amechoka. "Hii isipokufa, mimi sitakuja hapa tena. Nitakaa Mbuya ndani ya chumba. Mimi chumba siwezi, Lamunu."

Lamunu hakucheka. "Ssebo, mzee yangu, wewe nakuja siku kitu imekufa tu," akasema polepole. "Siku hiyo mimi naandika yote upya mpaka giza. Watoto yangu nalala bila kuniona. Mimi naona helmeti yako pale nje, tumbo nauma."

Yalimchoma. Miaka yote hiyo aliamini madukani wanafurahi akitia mguu. Si walimpa chai? Kumbe sura yake kwao ilikuwa sura ya siku mbaya. Aliona aibu, kisha hasira, kisha aibu tena. Akatoka nje, akazunguka mtaa mzima, halafu akampigia Ogwal simu na kumwambia ni ya tatu, akakata kabla hajasifiwa.

Msidhani alitulia. Mbuya alipewa kiti kizuri na feni, naye akawa anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, simu mkononi, akingoja duka lolote limlilie. Hakuna aliyelia. Kila jioni aliliona kwenye skrini jina la Lamunu likizimika na jua lingali linawaka, akajua amewawahi watoto wake. Alifurahi, kweli alifurahi, ila miguu haikusikia habari hiyo.

Siku moja ikamshinda. Akaenda Kawempe bila kuitwa. Lamunu alipomwona mlangoni alishtuka, akaitazama skrini kwanza.

"Nini imeharibika?"

"Hakuna. Nimekuja tu."

Maneno hayo yalimtoka kwa shida. Alisimama pale, mikono haina cha kushika, karibu ageuke. Mteja mmoja aliyekuwa akingoja risiti yake akauliza kama huyu ndiye fundi wa kompyuta, na kama ni yeye, mbona hafanyi kazi.

"Huyo si fundi," Lamunu akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kibodi. "Huyo mgeni yangu."

Kamis akavuta kigoda, akakaa.