Viatu Mgongoni

Mimi si mtu wa kubabaika, na siku ile nilikuwa nimejiandaa barabara. Chuo cha ualimu kilinituma nikaangalie ufundishaji katika shule ya sekondari ya Wajapani hapa Johannesburg, nami nikafanya mazoezi ya kuinama kwa heshima mbele ya kioo wiki nzima.

Mlangoni mwalimu mkuu alinipa ndala laini za kuvaa ndani, akanionyesha rafu.

“Viatu vyako viache hapa, Mwalimu.”

Rafu yenyewe haikuwa na mlango wala kufuli. Nami nimekulia mtaa wa La Rochelle humu humu jijini, ambako hata mkeka wa mlangoni hulala ndani. Na viatu vile mama alikuwa ameninunulia kwenye maduka ya Fordsburg juzi tu. Eish. Nikasubiri mwalimu mkuu ageuke, nikavitia kwenye begi la mgongoni, nikamfuata nikitabasamu. Zipu iligoma kufunga, lakini nani angechungulia mgongo wangu?

Darasani wanafunzi walisimama wote, nikaombwa niwasalimie. Mtu kama mimi hapewi nafasi ya kusema akanyamaza.

“Kilichonigusa hapa,” niliwaambia, “ni jinsi mnavyoaminiana.”

Mwalimu mkuu alifurahi, akainama. Nami nikainama, tena chini kuliko yeye.

Kiatu cha kwanza kilipita juu ya kichwa changu. Cha pili kikatua miguuni pake.

Akaviokota kwa mikono miwili.

“Nisamehe, Mwalimu,” akasema kwa upole. “Nadhani sikukuonyesha rafu vizuri.”