Ngoma Mbili, Ukumbi Mmoja

Mhadhiri wetu wa Vyombo vya Habari na Jamii alikuwa Msukuma na hakutuacha tusahau. Alama arobaini za kazi za muhula zilikuwa mkononi mwake, na asiyefikisha kiwango haingii chumba cha mtihani. Anarudia somo mwaka unaofuata. Nusu ya alama hizo alizigawa kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Alisimamisha wanafunzi wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja na upande wake wa ukumbi, wawasilishe kazi zao, na sisi wengine twende tunakovutiwa. Ndivyo ngoma zinavyoshindanishwa kwetu Usukumani baada ya mavuno: manju wawili, kila mmoja akiongoza ngoma yake, uwanja mmoja, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mshindi alichukua alama zote. Aliyeshindwa aliambulia kadiri ya watu waliobaki kwake.

"Habari ni ngoma," alituambia. "Watu hawabaki kwako kwa huruma."

Tuliona ni ubunifu mkubwa. Nilicheka na wenzangu mpaka zamu yangu ilipofika.

Jaribio la katikati ya muhula lilikuwa limenipita nikiwa machimboni Mwakitolyo, namzika kaka yangu. Duara, shimo alimokuwa akichimba dhahabu, lilititia, likamfukia yeye na wenzake. Mhadhiri alinipa pole na sifuri kwa pamoja, maana jaribio lake halirudiwi. Zikabaki alama za ukumbini. Baba naye alishasema nikirudia somo nirudi nyumbani, kwani hana tena moyo wa kusubiri watoto.

Kazi yangu ilihusu wafu wasio na majina. Redioni kaka yangu alikuwa mmoja wa "wachimbaji wadogo waliopoteza maisha", kisha likafuata tangazo la sabuni. Nilimrekodi mama. Jeneza lilikuja limepigiliwa misumari, wazee wakakataza lisifunguliwe, na tangu siku ile mama huuliza kama tuliyemzika ni mwanawe kweli.

Mpinzani wangu alikuwa kijana wa Geita, mpole, mtu wa kunisalimia kila asubuhi. Yeye alileta video tu, iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za watu, akairusha ukutani kwa projekta.

Nilianza vizuri. Wengi walisimama kwangu, na sauti ya mama ikasikika kwenye spika ikisema Kisukuma, nami nikitafsiri. Kisha upande wa pili zikaja kelele za wanaume wanaovuta kamba. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wameinama kwa adabu kama wanaotoka kanisani kabla ya sadaka.

Niligeuka. Ukutani mtu alikuwa akitolewa shimoni, na shati lake nililitambua, maana nililinunua mimi.

Sikumbuki kuamua lolote. Nilimwacha mama akiongea, nikavuka ukumbi, nikapenya hadi mbele. Uso wa kaka haukuwa umeharibika. Ulikuwa na vumbi tu. Nilifurahi kumwona, na nasema hivyo bila aibu.

Mhadhiri alikuwa ameanza kuhesabu. Alinigusa bega kwa kalamu, akanihesabu na wale wa upande ule. Upande wangu haukuwa na mtu, ila spika, na mama ndani yake akiuliza kama ni yeye.

"Hata manju mwenyewe kahama," alisema, darasa likacheka, naye akaandika sifuri yangu ya pili.

Nje yule kijana alinifuata kunishukuru kwa kumuunga mkono. Hakujua, na sikumwambia. Nilimwomba anitumie ile video, akanitumia palepale.

Nilirudi nayo nyumbani pamoja na godoro langu na sanduku. Baba alitazama mizigo, akaingia ndani. Mama nilimpa simu. Aliitazama mpaka mwisho, akasema ni yeye, akaomba aione tena.