T Isiyosikika

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya sekondari wilayani Chunya, niliingia kidato cha pili nikiwa na sketi iliyopigwa pasi na vumbi jekundu hadi magotini. Nikasimama mbele ya darasa nikasema kwa Kiingereza, "Listen." Nilitamka kama nilivyofundishwa chuoni, yaani "lisn". Darasa zima likainama, likatoa madaftari. Walidhani nimesema "lesson". Nikarudia. Msichana mmoja akasimama kwa adabu na kusema, "Samahani mwalimu, umesahau t."

Nilicheka, nao wakacheka. Nikaandika neno lenyewe ubaoni, nikawaambia kwamba ile t ipo kwenye maandishi tu, mdomoni haitoki, kama isivyotoka katika "castle" na "whistle". Walinitazama kwa mashaka, na habari zikamfikia Mkuu wa Shule kabla mimi sijarudi ofisi ya walimu.

Mkuu wa Shule alikuwa mzee wa Kibena, mrefu, mwenye sauti nzito iliyotosha uwanja mzima bila kipaza sauti. Aliniita ofisini kwake.

"Mwalimu Tusajigwe, naambiwa unafuta herufi za Waingereza."

"Sizifuti, Mkuu. Wenyewe hawazitamki."

"Mtihani unaandikwa, hautamkwi. Wafundishe kuandika."

"Nitawafundisha kuandika, Mkuu, na nitawafundisha kusikia."

Akavua miwani, akaipangusa. "Haya. Lakini wakifeli nitakuja kukuuliza hizo t zako zilikuwa wapi."

Hawakufeli. Sikuulizwa.

Ninyi walimu vijana mnaosoma haya mna simu, na ndani ya simu mna Waingereza na Wamarekani wa kila namna. Sisi tulikuwa na chaki na vinywa vyetu. Kwa hiyo nieleze kidogo kazi ilivyofanyika. Sauti ya t wataalamu huiita kipasuo, kwa sababu ulimi huziba pumzi nyuma ya meno ya juu, kwenye ufizi, kisha huiachia ghafla. Mwanzoni mwa neno, kama "ten", Mwingereza huiachia pamoja na mpumuo, yaani kijiupepo kinachotoka mdomoni. Ikitanguliwa na s, kama "stop", kijiupepo hicho hakipo. Katikati ya neno, Mmarekani huigusa kwa ulimi mara moja tu ikapita, "water" ikawa kama "wora". Uingereza penyewe wapo wanaoikatia kooni, "bottle" ikawa neno lenye shimo katikati. Na mwishoni mwa neno wengi huizuia kabisa: ulimi unakwenda mahali pake, unaziba, na hauachii. Sisi huku ni kinyume chao. Tumezoea kumaliza neno kwa irabu, kwa hiyo "hot" kwetu ni "hoti", na tukiikosa hiyo irabu ya mwisho tunaona neno halijaisha.

Kwa ajili ya mpumuo nilitumia unyoya wa kuku. Mwanafunzi anaushika mbele ya midomo. Akisema "ten" vizuri, unatikisika. Akisema "stop", unatulia. Chunya nzima ilijua mwalimu mgeni anaomba manyoya, na kina mama waliokuwa wakichinja kuku walinitunzia.

Kutoka Chunya nilihamishiwa Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, ambako tulifundisha huku mashine za kukoboa zikinguruma upande wa pili wa barabara. Mkuu wa Shule wa pale alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyependa walimu wa kukaa. Siku moja alikuja Mkaguzi wa Shule kutoka mkoani. Alipofungua mlango wa darasa langu akakuta kila mtoto ana unyoya mdomoni.

"Mwalimu, hili ni somo la Kiingereza au la ufugaji?"

Kabla sijajibu, Mkuu wa Shule aliyekuwa nyuma yake akasema, "Karibu uketi, Mkaguzi. Chukua na wewe wa kwako."

Akauchukua. Akasema "ten" na unyoya haukutikisika. Akarudia akiwa amekaza shingo. Mara ya tatu ukatikisika, na watoto wakampigia makofi. Alikaa hadi kengele ikalia, na alipoondoka aliuweka ule unyoya kwenye mfuko wa shati, karibu na kalamu.

Ni huko Ubaruku nilikompata mwanafunzi wangu Milembe. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, na nyumbani kwao kulisemwa Kisukuma, majirani walisema Kisangu, shuleni Kiswahili. Kiingereza kilikuwa lugha ya nne kwake. Hakuwa mwepesi wa kuongea, ila alisikia. Niliposoma maneno mawili yanayokaribiana, wenzake wakibishana, yeye alishaandika jibu.

Kwa darasa lile nilifundisha jambo ninalolionea fahari kuliko yote. Mmarekani akisema "can" na akisema "can't", ile t ya mwisho mara nyingi haisikiki. Sasa utajuaje kama amekubali au amekataa? Nikawaambia waache kuitafuta t, wasikilize irabu. Kwenye "can" irabu inamezwa, inabaki "kn" tu, mtu anakimbilia neno linalofuata. Kwenye "can't" irabu inasimama wazi, "ken", kisha sauti inakatwa kama mtu aliyezibwa koo. "Na mkibaki na shaka," niliwaambia, "msione aibu. Mwombeni aseme 'cannot'."

Baadaye nilipelekwa Iringa kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Iringa ilinifundisha kuvaa sweta mbili na kufundisha watu wazima, na watu wazima ni wagumu kushika unyoya. Mkuu wa Chuo alinipa pia kazi ya kuwatembelea wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na safari mojawapo ikanirudisha wilaya ya Chunya, Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu.

Milembe alikuwa huko. Alikuwa amesoma, amekuwa dada mrefu mwenye kofia ngumu kichwani, mkalimani wa mradi uliofundisha wachimbaji wadogo usalama. Aliponiona alinishika mikono yote miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofanya darasani. "Mwalimu, kesho twende ukanione kazini," alisema.

Kesho yake tulisimama kwenye mdomo wa duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia. Mhandisi wa mradi, Mmarekani mwenye haraka, alishuka kwa kamba, akakagua magogo yanayozuia kuta, akapanda akiwa na udongo hadi kwenye nyusi. Akaonyesha upande wa mashariki na kusema sentensi moja fupi kuhusu watu kufanya kazi upande ule. Mashine ya kusagia mawe ilikuwa inanguruma karibu. Mimi nilisikia "can".

Mwenye duara naye alisikia "can". Alikuwa na Kiingereza cha kutosha cha kuuzia dhahabu, akapiga makofi. "Mmemsikia wenyewe. Ruksa! Shukeni."

Vijana wawili walikuwa wameshashika kamba. Milembe akanyoosha mkono. "Subirini! Hakuna kushuka." Akamgeukia mhandisi, akamwuliza kwa Kiingereza, bila haraka, kama amemaanisha "can" au "cannot".

"Cannot," alisema yule bwana. "Cannot." Akaweka mikono yake kama msalaba.

Mwenye duara alikasirika. Upande ule ndio uliokuwa na mawe yenye mali. "Dada, wewe ndiye umemgeuza kwa swali lako. Mara ya kwanza hata mwalimu wako hapa amesikia kama mimi. Si ndiyo, mama?"

Watu wote wakanitazama.

"Nimesikia kama wewe, baba," nilisema. "Lakini mfuate yeye."

Alitema mate pembeni. Kisha akawaambia vijana waachie kamba, na wakaachia huku wakinung'unika. Tukiwa tunatembea kurudi nilimwuliza Milembe alijuaje, katika kelele zile.

"Irabu, mwalimu," alisema. "Ilikuwa imesimama."

Nilirudi Iringa. Mvua kubwa ikanyesha upande wa Chunya, na asubuhi moja simu yangu ikaita nikiwa kwenye korido ya chuo. Alikuwa Milembe.

"Mwalimu, lile duara limejifunika. Upande wa mashariki wote umeporomoka."

"Watu?"

"Hakuna mtu, mwalimu. Hakuna hata mmoja."

Nilikaa kwenye ngazi ya korido nikalia, na wanachuo wakapita wakiniamkia kwa sauti za chini, wakidhani nimefiwa.

Nilistaafu chuoni pale pale. Mkuu wa Chuo alitoa hotuba ndefu, nikapewa kitenge na kiti kizuri, na nikarudi nyumbani Uyole. Watu huniuliza kama nilitaka watoto wa Chunya na Usangu waongee kama Wazungu. Sikutaka. Mimi mwenyewe Kiingereza changu kina Kinyakyusa ndani yake hadi leo, na sioni haya. Nilitaka mtoto wa hapa asimame mbele ya mgeni yeyote, ajue alichoambiwa, na akiwa hana hakika aulize kwa sauti bila kujiona mjinga. Hilo nililifanya, na nililifanya vizuri.

Msimu uliopita nilikuwa nje napalilia maharage, gari likasimama. Alishuka mzee mmoja, sikumtambua hadi alipoongea. Ni yule mwenye duara. Alikuwa na vijana wawili, wale walioshika kamba siku ile, mmoja amebeba mtoto mchanga. Walikuwa wamepotea njia mara kadhaa wakiniulizia.

"Wanangu," aliwaambia, "mwamkieni mama. Huyu ndiye aliyemfundisha yule dada."

Wakaniamkia, nikaitikia. Kisha yule mwenye mtoto akaniwekea mwanawe mikononi nimpakate.