Siku Niliyompelekea Mafua Mtu wa Mapafu Mapya

Sitaki kudanganya mtu, hii aibu nimeificha karibu mwaka mzima, lakini juzi mama yangu ameisikia kwa watu wa kanisa huko Kiriaini, tena wakiwa wameiongezea chumvi (ati nilikanyagwa na ng'ombe, sikukanyagwa), kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe ili angalau nichekwe kwa mambo niliyofanya kweli.

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Nimeajiriwa na madaktari wanaofanya utafiti kuhusu watu waliopandikizwa mapafu, yaani wale waliotolewa mapafu yaliyoharibika wakawekewa ya mtu aliyefariki, ili ijulikane wakisharudi nyumbani wanaishi vipi, nani anapata magonjwa, na mwili wa nani unayakataa yale mapafu mageni. Watu kama hao huku kwetu ni wachache mno. Mimi katika eneo langu lote la Nyeri nilikuwa na mmoja tu. Mmoja! Na huyo mmoja nusura nimmalize.

Alikuwa anaitwa Mwalimu Gachanja, mwalimu mstaafu anayeishi nje kidogo ya Karatina, mrefu, mwembamba, mtu wa utani mwingi. Mapafu yake yalikuwa yamekauka yakajaa makovu (daktari hakujua sababu, yeye mwenyewe analaumu chaki), akapelekwa India akarudi na mengine. Sasa, mtu wa namna hiyo humeza dawa kila siku za kuzuia mwili usiyapige vita mapafu mapya, lakini dawa hizo hizo zinamwacha bila kinga, kiasi kwamba mafua ambayo wewe unayamaliza kwa chai ya tangawizi yeye yanaweza kumrudisha hospitalini, au kumzika kabisa. Mimi nilijua haya yote. Nilifundishwa, nikaweka sahihi: ukiwa na hata kikohozi kidogo, usiende, piga simu.

Asubuhi hiyo ya Julai, na mnaijua baridi ya Nyeri mwezi wa saba, niliamka pua inawasha. Kidogo tu. Ningepiga simu mambo yakaisha. Lakini jana yake mke wa Mwalimu, Mama Muthoni, alikuwa ameniambia atachinja kuku, na mimi kwa kuku wa kienyeji akili huwa inahama, nikajiambia hii si homa ya mafua, hii ni vumbi, nikameza vidonge viwili nikaenda. Vumbi gani, na nje kulikuwa na manyunyu?

Mama Muthoni alinipokea langoni na kile kipimajoto chake cha kuelekeza kwenye paji la uso.

"Joto iko sawa," akasema. "Lakini sauti yako imekuwa nzito. Uko na homa?"

"Hapana, Mama. Ni vumbi tu ya njiani."

Akaniangalia, akaangalia njia iliyolowa, akanielekeza kwenye maji ya kunawa. Nikanawa mikono, nikavaa barakoa, nikaketishwa barazani mbali na Mwalimu. Pale nyasini akina mama wa kikundi chao cha maombi, kama kumi na wawili hivi, walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki (siku hizi wanaombea nje kwa ajili yake), wakingoja tumalize ili waanze.

Nikafungua fomu. Maswali ya kwanza yakaenda vizuri: unalala vipi, unapanda mlima bila kuhema, dawa umeruka siku yoyote? Huku ndani ya barakoa pua inamwagika kama mfereji wa mashamba ya mpunga ya Mwea, nami siwezi kupangusa. Kisha nikafika swali la tisa, na ilibidi nilisome kwa mdomo wangu mwenyewe:

"Katika wiki mbili zilizopita, umekuwa karibu na mtu yeyote mwenye mafua?"

"Haiwezekani," Mwalimu akajibu kwa fahari. "Mama Muthoni hawezi kuruhusu. Hata askofu alirudishwa kwa gate."

Akina mama wakacheka. Mimi chafya ikapanda. Nikairudisha, ikapanda tena, machozi yakanitoka, Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Unalia, msichana wangu?" Nikasema, "Nimeguswa tu, Mwalimu," kisha nikainua simu ambayo haikuwa imelia, "Hallo? Hallo, boss?" nikakimbia hadi nyuma ya zizi.

Chafya yangu nimeirithi kwa baba. Si chafya ya kistaarabu. Nilipiga tatu mfululizo, na sikuwa nimeona kwamba upande wa pili wa mbao za zizi palikuwa na ng'ombe amefungwa. Ng'ombe akaruka, kamba ikakatika, akapitia kwenye kamba ya nguo akaondoka na shuka ya maua imenasa kwenye pembe, moja kwa moja hadi kwa akina mama wa maombi. Woi! Viti vikaruka, chai ikamwagika, mmoja akapanda juu ya meza na thermosi kifuani, mwingine akalitaja jina la Yesu kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi mji wa Sagana.

Halafu nikaona kitu kilichonifanya niache hata kuona aibu. Mwalimu Gachanja alikuwa anakimbia. Mtu aliyekuwa amesukumwa kwa kiti cha magurudumu miaka mitatu iliyopita, anamkimbiza ng'ombe!

"Baba Muthoni, usikimbie!" mkewe akapiga kelele.

Yeye akafika langoni, akamshika ng'ombe pembe, akasimama ameinama. Wote tukamgeukia, hata yule wa juu ya meza. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kutoka mbali. Akainuka polepole, akacheka.

"Imekubali," akasema, akipiga kifua. "Mnaona? Imekubali!"

Wakampigia makofi, wengine wanalia. Na hapo, katikati ya furaha ya watu, nikapiga chafya ya nne, barakoa ikanitoka usoni.

Mama Muthoni akageuka.

"Hiyo ndiyo vumbi?"

Nilisema tu, "Nisamehe, Mama, niko na homa. Nilijua tangu asubuhi." Sijawahi kutazamwa na wanawake kumi na wawili kwa wakati mmoja namna ile. Nikatolewa nje ya lango kwa utaratibu, nikasimama barabarani na fomu yangu, na Mwalimu, akiwa amerudishwa mbali huko barazani, akaniita kwa ile sauti ya darasani.

"Swali la tisa tubadilishe jibu. Andika: Ndiyo. Kuna mahali pa kuandika huyo mtu ni nani?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Andika: mtafiti."

Nikaandika, kundi zima likiangua kicheko. Kisha nikampigia msimamizi wangu nikamwambia yote, hata kuhusu kuku. Hakunigombeza sana, na hilo ndilo lililoniumiza. Daktari wa Mwalimu akaagiza kwamba apulize kile kifaa chake kidogo cha kupima nguvu za mapafu mara tatu kwa siku, na namba ikishuka apelekwe hospitalini mara moja.

Kila asubuhi Mwalimu alinisomea namba kwa simu. Siku ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu sawa. Siku ya nne ikashuka. Nilikuwa sokoni Karatina nikinunua viazi, nikaketi juu ya gunia la mtu bila kuomba ruhusa. Akilini nilimwona amelala hospitalini kwa sababu ya paja la kuku. Baada ya saa moja akapiga tena: alikuwa amepuliza huku midomo haijafunga vizuri, amerudia mara tatu mbele ya mkewe, namba imerudi palepale pa zamani. Yule mwenye viazi aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, ni kinyume chake, nikaendelea kulia.

Wiki mbili zikaisha, mafua hayakumpata. Ni Mungu, si mimi. Siku hizi pua ikiniwasha tu, siendi kwa mgonjwa yeyote, hata kama ni vumbi kweli, hata kama wamechinja fahali. Nasema mapema, kwa mdomo wangu, mtu acheke akitaka. Kuchekwa nimezoea. Kumzika Mwalimu Gachanja nisingezoea.