Mjane Asiye na Kaburi

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, mtu wa mjini hasa, mtu wa kuchukia hata tone la mvua kwenye kiatu. Lakini mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa kusini mwa Gisenyi, mji wetu, alikuwa anataka mapazia yake, na masika yalikuwa yamekula barabara. Basi akayafunga kwenye turubai, akapanda mtumbwi wa mvuvi apite ziwani. Upepo uliwakuta mbali na ukingo, mtumbwi ukapinduka. Mvuvi aliung'ang'ania akaokoka. Mume wangu hakuonekana, wala mapazia. Ajali haina kinga, wakasema watu wa mtaa, kisha wakaenda kula.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wapo Rwanda. Mtaa wetu wa Waislamu ulikuwa mdogo, na mtaa mdogo una midomo mikubwa. Wengine walisema fundi aliogelea akavukia Kongo, ana mwanamke Bukavu. Aogelee yeye! Mtu aliyekuwa akinawa uso kwa vidole viwili. Mama mkwe wangu, ambaye nilikuwa nakaa kwake, aliyashika maneno hayo kwa mikono yote.

"Mwanangu hakufa," aliniambia. "Kama alikufa, maiti iko wapi?"

Nilikwenda kwa mwalimu wa msikiti. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinichosha. Alisema hawezi kuniweka eda kwa kudhani. Mjane hukaa eda kwa kifo kilichojulikana, miezi minne na siku kumi, na changu hakijajulikana. Nikarudi nyumbani si mke, si mjane. Nikivaa kikwembe cha maua, jirani wananitazama. Nikijifunika, mama mkwe anasema ninamwitia mwanawe kifo. Kulia sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Nilitaka kitu kimoja tu, kujua mimi ni nani wa mtu yule.

Ndipo nikamwendea yule mvuvi. Alikuwa Mkristo wa ukingoni, mtu wa maneno machache. Nilimwambia anipeleke nikatafute. Hakuuliza mara mbili.

"Mi nilimupeleka," alisema. "Donc, basi, mi nitakupeleka na wewe. Lakini usikuje peke yako, watu watasema."

Akaja wifi yangu, dada wa mume wangu, msichana mcheshi ambaye mdomo wake haukulala hata msibani. Tulikuwa tukiondoka asubuhi ziwa likiwa limetulia, tuna viazi vitamu kwenye kikapu na chai kwenye chupa iliyovikwa kitambaa, na tukirudi kabla ya upepo wa alasiri. Mvuvi alikaa nyuma, mimi katikati, wifi mbele. "Ukae chini kabisa," mvuvi alinifundisha. "Usisimame hata ukiona nini." Baadaye alinipa kasia. Mikono ilijaa malengelenge, yakapasuka, sikuyasikia.

"Wifi, unakoroga bugali," msichana yule alisema. "Kasia ni ya kuvuta, si ya kusonga."

Hivyo ndivyo nilivyolijua Kivu, mimi niliyezaliwa kando yake nikaishia kulichota kwa ndoo. Tulipita kila ghuba ya kusini, hadi kule maji ya moto yanakotoka ardhini na wenyeji wanachemshia mayai. Tuliuliza kila mwanamke aliyeanika nyavu. Ziwa letu halina mamba wala kiboko; hakukuwa na mnyama wa kumsingizia.

Siku nyingine tulikutana na wazungu wa hoteli wakitembea kwa raha zao, ndani ya vitumbwi vyembamba vya turubai, kila mtu na kasia la vichwa viwili. Walitupungia mikono. Walituona tuna kikapu, tuna chupa ya chai, wakadhani tumetoka kustarehe kama wao. Wifi akawapungia. Mimi nilikuwa natazama chini ya miamba.

Masika yakaisha. Kiangazi kikaja na ukungu wake wa vumbi, hata milima ya ng'ambo haikuonekana. Mama mkwe hakunisemesha tena ila juu ya chumvi na kuni. Mvuvi akasema kusini tumekumaliza, tujaribu upande wa Kongo. Nchi kavu kuna vizuizi na makaratasi. Majini hakuna anayekuuliza. Tukapita Goma, tukafuata ukingo wa mawe meusi ya volkano.

Pale nikaliona shati. Shati la mistari ya kijani, la kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya yule mzungu. Vifungo nilivishona mimi, na ndilo aliloondoka nalo siku ile. Aliyelivaa alikuwa ametupa mgongo, anavuta wavu ndani ya mtumbwi. Nikasimama. Mtumbwi ukayumba, wifi akanishika miguu, mvuvi akanifokea. Nikamwita mume wangu kwa jina lake.

Mtu yule akageuka. Hakuwa yeye.

Alitusikiliza, akaliangalia lile shati, akavua kofia. "Mama, tulimupata mwanzo wa mvua," alisema. "Ile juma mitumbwi mingi ilipinduka. Hatukujua ni wa dini gani, tukamuzika kama mutu wetu. Shati ilikuwa nzima, tukasema kuizika ni kuiharibu." Alitupeleka juu, kwenye mikaratusi. Kaburi lilikuwa limepaliliwa vizuri, na msalaba wa miti. Wifi alilia mpaka akakaa chini. Mimi nilisimama nikifikiri: haya, sasa ni mjane. Sasa nitaingia ndani, nitafunga mlango, nitalia kama wanawake wengine.

Tuliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Nilimwambia nimekuja kuingia eda. Akahesabu miezi kwa vidole, akarudia, kisha akanitazama kwa upole wake ule.

"Eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, mwanangu, si siku mke alipojua," alisema. "Yako imekwisha. Uko huru."

Mama mkwe hakubisha tena. Alilia kidogo, akajifuta, akaita wanawake. Jioni ile ile walinichemshia maji, wakaniogesha kunitoa eda ambayo sikuiingia. Wakanipaka mafuta, wakanivika kikwembe kipya, mmoja akasema mimi bado kijana, nitapata mwingine. Hapo ndipo ganzi ilipotoka, nikalia kwa sauti, nikashindwa kujizuia.

Mama mkwe alinishika bega, bila ukali wowote. "Nyamaza," alisema. "Siku za kulia zimepita."