Mwili wa Japani, Ukuta wa Ubelgiji

Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, Swedi Kayitare, fundi bodi wa Kamembe, mji wa Rwanda unaotazamana na Bukavu, mwenye umri wa miaka sitini na moja, alipeleka Toyota Corolla yake kukaguliwa ili iandikishwe kwa jina la binti yake, na gari likakataliwa.

Halikukataliwa kwa breki wala kwa moshi. Breki zilikuwa zimefungwa mpya mwezi uliotangulia, na moshi ulipita kipimo. Lilikataliwa kwa ajili ya mstari mmoja wa herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye bati, chini ya boneti. Mkaguzi, askari kijana aitwaye Mukeshimana, alipangusa bati lile kwa kitambaa, akasoma, akalipiga picha kwa simu, kisha akaitazama karatasi ya njano ya umiliki.

"Mzee, namba ya kwenye karatasi ni fupi. Hii ya hapa ni ndefu."

"Ile fupi ni ya Japani," Kayitare akajibu. "Hii ndefu ni ya Bulaya."

"Kwani gari ni moja au ni mawili?"

"Ni moja, afande. Ilizaliwa tu mara mbili."

Mukeshimana alicheka. Akaingia ofisini kuitafuta namba ndefu kwenye kompyuta, na alipotoka alikuwa hacheki tena. Gari lenye namba hiyo lilitangazwa na mwenyewe kuwa limeharibika kabisa mwaka 2006, likafutwa. Kwa mujibu wa kumbukumbu, gari lililosimama mbele yake, na injini ikinguruma, lilikuwa halipo.

Nyuma ya usukani alikaa Shadia, binti wa pekee wa Kayitare, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza siku ile. Alikuwa akiuza vitenge ng'ambo, Bukavu, lakini tangu vita vifike mji huo mwanzoni mwa mwaka biashara ilikauka, akabaki nyumbani na watoto wake wawili, mama yake na baba yake. Mwezi Oktoba shule moja ya binafsi ilikubali kumpa kazi ya kubeba walimu asubuhi na jioni kuanzia muhula wa Januari. Sharti lilikuwa moja: gari liwe na jina la dereva. Baba alikubali siku hiyo hiyo. Hakuwa na namna nyingine ya kulitumia. Jicho lake la kushoto limekufa kwa mwanga wa kuchomelea, na la kulia limefunikwa na ukungu. Ana miaka miwili hajashika chuma cha kuchomelea wala usukani.

Ili kuelewa kwa nini gari moja lina namba mbili, ni lazima kueleza kazi aliyoifanya Kayitare, na gari alilolifanyia kazi hiyo.

Aliingia garaji akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Alikuwa akivuka daraja kila asubuhi kwenda Bukavu kujifunza kwa fundi aliyeitwa tolie, jina ambalo upande huu wa Ziwa Kivu hupewa mtu anayenyoosha na kuunga mabati ya gari. Corolla aliyoikuta ilikuwa ya pembe kali, injini mbele na nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Mwaka 1983 kiwanda kikabadili mpango, na Corolla ya kawaida ikaanza kuvutwa na magurudumu ya mbele. Mafundi wazee wa Bukavu waliidharau. Walisema gari linalovutwa kwa mbele ni kama mbuzi wa kamba: likifika kwenye mlima litakaa chini. Halikukaa chini. Mwaka 1987 kikaja kizazi kingine, kilicholainishwa pembe, na mwaka 1991 kingine kizito na kinene, ambacho hadi leo madereva wa Bugarama wanakitaja kama watu wanavyomtaja marehemu aliyekuwa mkarimu.

Kila kizazi kilikuja na ndugu zake. Kulikuwa na ile ya kawaida yenye buti, ambayo ndiyo iliyokuwa teksi. Kulikuwa na ya mgongo mrefu, iitwayo break, iliyopendwa na wafanyabiashara wa nyanya. Kulikuwa na ya milango mitatu, ambayo Kayitare aliiona kuwa gari la mtu asiye na shemeji. Baadaye ikaja ndefu ya kimo, ya safu tatu za viti, iliyojengwa juu ya msingi uleule. Injini zilitofautiana: ndogo ya petroli kwa watu wa mjini, kubwa kidogo kwa wenye uwezo, na ya dizeli kwa anayepanda Nyungwe na mizigo.

Lakini tofauti iliyomlisha Kayitare haikuwa hiyo. Kizazi kilichotoka mwaka 1995 kilikuwa na nyuso mbili. Kilichouzwa Japani kilikuwa na taa za mbele zilizolala, na usukani kulia. Kilichopelekwa Ulaya miaka miwili baadaye kilikuwa na taa za mviringo, kama macho ya chura, na sehemu kubwa ya bara hilo usukani ukiwa kushoto. Taa ya kimoja haiingii kwa kingine. Magari ya Ulaya yalifika Rusizi, wilaya yenye Kamembe, kupitia Kigali, mengi yakiwa yamechakazwa kwanza Ubelgiji. Ya Japani yalishushwa Dar es Salaam na kufika Bukavu kwa barabara. Nyuso mbili zilikutana hapa, pande mbili za mto mmoja, na wateja wakawa wanauliza swali moja: je, usukani unaweza kuhamishwa?

Katikati ya miaka ya 2000, Rwanda ilipofunga mlango kwa magari ya usukani wa kulia, swali hilo likawa kazi. Matolie wengi walitoboa matundu mapya upande wa kushoto, wakaziba ya zamani kwa viraka, wakafunga usukani. Usukani huo ulitikisika. Kayitare hakupenda kazi hiyo. Yeye alitafuta Corolla ya Ulaya iliyoanguka, akakata ukuta mzima wa bati unaotenganisha injini na abiria, uitwao tablie, akauchomelea ndani ya mwili wa Japani. Matundu yote yalikuwa tayari mahali pake. Gari lilitoka kana kwamba limezaliwa hivyo. Watu walivuka kutoka Bukavu kumtafuta.

Tatizo ni kwamba namba ya mwili, katika Corolla, hugongwa juu ya ukuta huohuo. Anayehamisha ukuta anahamisha na namba. Mafundi wengine walikata kipande chenye namba ya zamani wakakibandika kwenye ukuta mpya. Kayitare alikataa katakata. Kukata namba na kuibandika, alisema, ni kazi ya wezi wa magari, na mtu akiikuta alama ya moto kuzunguka namba atamwita mwizi. Aliiacha namba ya Ulaya ikae wazi, na kwenye karatasi ikabaki ya Japani. Wakati huo hakuna aliyefungua boneti kulinganisha. Wateja wake waliyauza magari yao mbali, au yakafa kabla ya kuulizwa. Lililobaki ni lake mwenyewe: mwili alioununua Bukavu mwaka 2004, ukuta alioutia mwaka 2007 kutoka kwenye Corolla ya mtu mmoja wa Mibirizi iliyopinduka njia ya Bweyeye. Mtu huyo alikuwa muungwana. Alikwenda kutangaza kwamba gari lake limekufa, kama inavyotakiwa.

Siku ile ya ukaguzi, mkubwa wa kazi wa Mukeshimana hakuwa mkali. Alisema kuna njia moja. Kama mzee bado ana bati la asili lenye namba fupi, alilete. Wataalamu wataliona, watalinganisha na mwili, na huenda gari likaandikwa upya.

Njiani kurudi, Kayitare alikuwa anatabasamu.

"Minajua mahali liko," alimwambia Shadia. "Ukuta wa zamani sikuutupa. Nilimupatia Mama Nzigire."

"Yule wa sambaza?"

"Njo ule. Twende sasa."

Nzigire ni mwanamke wa kutoka Kivu Kusini anayekaanga sambaza, dagaa wa ziwani, karibu na mahali mitumbwi ya kisiwa cha Nkombo inapofunga. Mwaka 2007 alimwomba Kayitare bati lolote la kukinga upepo usizime moto wake. Alipomwona akishuka garini, akishikwa mkono na binti yake, alisimama na mwiko wake.

"Aka, Papa Shadia! Miaka yote hii haukukujaka kula sambaza zangu, leo unaletwa na chauffeur?"

"Mama, minakuja kuona kile kibati nilikupatiaka."

"Cha upepo? Kiko pale. Kimepika samaki kuliko mimi."

Bati lilikuwa palepale, limesimama nyuma ya mafiga, jeusi. Shadia aliazima brashi ya waya, akachuchumaa, akaanza kukwangua masizi na mafuta yaliyoganda. Baba alisimama karibu, akiinamisha kichwa upande wa jicho linaloona.

"Juu, katikati," alisema. "Kwangua juu, katikati."

"Unatafuta nini mu mafuta yangu, wee mutoto?" Nzigire akauliza.

"Namba, Mama."

"Namba ya telefone? Si ungeniomba!"

Watu wawili waliokuwa wakingoja mtumbwi walicheka. Shadia aliendelea kukwangua. Ikatokea A. Ikatokea E. Ikatokea moja. Baada ya hapo brashi ilipita na kutokea upande wa pili. Moto wa miaka kumi na minane ulikuwa umekula bati mpaka likawa jepesi kama jani la mahindi, na pale zilipokuwa tarakimu nyingine palikuwa na tundu linalotosha ngumi.

Kayitare alipapasa kingo za tundu kwa vidole. Akapapasa tena, taratibu, kama mtu anayetafuta mfuko ulipotoboka.

"Inabakia nini?" aliuliza.

"Herufi mbili na moja, Papa. Gari zote za aina hii zinaanza hivyo."

Nzigire alipoelezwa, aliketi juu ya kibao chake. "Kama ningelijua," alisema, "ningelikinga upepo na mawe." Aliwafungia sambaza katika gazeti, wakaondoka nazo.

Jioni hiyo Bruno alifika nyumbani. Bruno alikuwa msaidizi wa Kayitare zamani, na sasa ana garaji yake mwenyewe. Alikuja na mfuko wa chapa za chuma, zile za kugongea herufi na tarakimu.

"Mzee Swedi, ni kazi ya asubuhi moja," alisema. "Tunakata ile ndefu. Tunabandika bati mupya, tunagonga ile fupi, tunapiga rangi. Namba fupi si ni ya kweli?"

"Ni ya kweli. Mwili ni ule."

"Sasa uongo uko wapi?"

Kayitare alinyoosha mkono kupapasa kikombe. Mke wake alikuwa amemimina chai. Kisha mzee alisema, "Gonga." Jambo alilolikataa tangu ujana wake alilikubali kabla chai haijapoa. Bruno akachukua kipande cha bati uani, akagonga A, akagonga E, ili mzee apapase na kuona kama kina cha herufi kinafaa.

"Umegonga sana," Kayitare alisema. "Ya kiwanda inakuwa nyepesi. Tena E yako inalala."

"Papa," Shadia aliita kutoka mlangoni. "Karatasi mupya itakuwa na jina la nani?"

"La kwako. Si njo tunafanyia hivi?"

"Na wakigundua, batafunga nani?"

"Nani atagundua?" Bruno akasema. "Shadia, wee unaogopa kama bibi harusi."

"Ule afande alishaisoma. Alipiga na picha. Nikirudi kesho na namba mupya, ataniuliza ile ingine ilikwenda wapi. Nitamujibu nini? Imekimbia?"

Kayitare aliendelea kushika kile kipande cha bati, dole gumba likipita juu ya E. Hatimaye alikiweka chini, akasema kwamba binti amesema kweli, na kwamba Bruno anywe chai yake.

Walijaribu njia nyingine wiki mbili zilizofuata. Kutafuta ukuta mwingine wa Ulaya hakungesaidia, kwa kuwa nao ungekuja na namba yake. Kurudisha usukani kulia kusingekubalika. Kuliuza kama gari hakukuwezekana: hakuna anayeweza kuandikisha kitu kilichofutwa. Cheti cha ukaguzi uliopita kinaisha mwezi huu, na baada ya hapo halitaruhusiwa hata kuingia barabarani. Shadia alikwenda shuleni kuomba abebe walimu kwa gari la kukodi. Mkuu wa shule alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia sharti halibadiliki.

Mtu akimuuliza Kayitare kama anajuta kutokata namba zamani, husema hapana. Akiulizwa kama alifanya vizuri, husema hapana pia.

Ijumaa tarehe 28 Novemba Bruno atalikata gari. Injini, giaboksi na milango vitavushwa kwenda Bukavu, ambako bado wako wenye magari ya kizazi hicho. Mwili utauzwa kama chuma chakavu. Jumatatu inayofuata Shadia ataanza kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Kamembe, na Januari walimu watabebwa na basi dogo la mtu mwingine.