Seva Zilizongoja Kubwa Yao

Mvua ya kwanza ilinyesha, na kwetu, karibu na Maseno, hakuna aliyegusa mbegu. Kwa Waluo mkubwa wa boma ndiye hupanda kwanza, kisha wadogo hufuata. Tangu wazazi wetu wafariki, mkubwa ni mimi. Niliacha shule mapema niwalee wadogo zangu wawili, kaka na dada. Sasa nilikuwa Kisumu, katika chumba cha seva cha chuo kimoja, nikishindwa kutulia kitini.

Faili za wanafunzi zinakaa kwenye seva moja kubwa, na seva nyingine lazima zizione kana kwamba ni zao. Nilikuwa nimeagiza kila seva ndogo ikiwaka tu, iunganishe folda za ile kubwa. Asubuhi hiyo stima ikapotea, ikarudi. Kubwa ikakawia, ikikagua diski zake polepole. Ndogo zote zikasimama, skrini nyeusi, zikiingoja.

Mkuu wangu wa kazi, mama wa mtaa wa Obunga asiyekosa neno, akachungulia.

"Bwana, hizi zimegoma?"

"Zinaingoja kubwa, Madam."

"Ahaa! Umezilea kama wadogo zako. Mkubwa asipoamka, hakuna kula."

Nikacheka, lakini simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Mdogo wangu wa kiume.

"Mzee, udongo unakauka. Uko wapi?"

"Niko kazini. Pandeni tu."

"Tupande kabla yako? Watu watauliza tumekuzika lini."

Nikarudi kwenye kibodi. Nilifuta yale maagizo, seva moja baada ya nyingine, nikaweka programu inayoacha kila seva iamke yenyewe. Folda inaunganishwa pale tu mtu anapoifungua. Nilikosea herufi, nikafuta, nikakosea tena. Kila mara macho yalikimbilia dirishani, kwenye jua.

Hatimaye nilizima zote makusudi, nikawasha ndogo kwanza. Zikaamka bila kungoja mtu. Kubwa ilipokuwa tayari, Madam akatazama mahali pa folda za wanafunzi.

"Mbona tupu? Umepoteza kazi za watoto wa watu?"

"Chagua mwanafunzi mmoja, ufungue folda yake kwa jina."

Akaandika jina. Faili zikajitokeza zote.

"Haya, nenda ukapande," akasema, "kabla hawajakuchimbia kaburi."

Nilipopita Otonglo, njiani kwenda nyumbani, niliona watu wakifunika mbegu zao, na miguu ikaniwasha ndani ya viatu.

Nyumbani, wadogo zangu walikuwa wamesimama kando ya shamba, mikono imejaa udongo. Walikuwa wamechimba mashimo yote, mstari kwa mstari, mpaka kwenye ua. Ndani yake hamkuwa na punje hata moja.

"Umekuja na viatu vya ofisi," dada yangu akasema, akanipa kopo la mbegu.

Nikadondosha mahindi katika shimo la kwanza, nikalifunika kwa mguu. Kabla sijafika la pili, walikuwa wamenipita.